Baiskeli ya Usiku ni Bata kwa Staa, kwa Shabiki ni Msala

Siku hizi mastaa wa Bongo wamehamia kwenye baiskeli. Zamani ukitaka kujua nani yuko juu mjini uliangalia gari lililopaki nje ya klabu. Sasa hivi mtu anapost video yuko juu ya baiskeli ya gia kibao, kaptura ya kubana, miwani ya rangi, saa 2 usiku, muziki unapiga chini kwa chini, na maneno mawili matatu ya kujipa moyo. Like zinamiminika. Na kusema kweli hakuna ubaya wowote hapo. Jua la Dar la mchana halina huruma, foleni ya jioni inakula masaa, na mtu anayekanyaga pedeli usiku walau hayuko baa.

Ubaya ulianza pale mkali mmoja wa nyimbo za mapenzi, ambaye wadau wanamjua bila hata kutajiwa jina, alipoamua kwamba safari zake za Jumatano usiku ziwe wazi kwa mashabiki. Njoo na baiskeli yako, kiingilio bure, mnapiga kilomita 25 na staa wenu. Nani angekataa?

Njia aliyochagua ilikuwa barabara moja mpya pembeni mwa jiji. Lami safi kama kioo, magari machache, kulia na kushoto viwanja vilivyopimwa ambavyo bado havijajengwa. Kwenye video ya droni palipendeza kweli. Kasoro ilikuwa moja tu: barabara nzima haina taa. Si kwamba taa zimeungua. Nguzo zenyewe hazipo.

Wiki ya kwanza walikuja watu kama ishirini. Wiki ya tatu walikuwa wamepita sitini. Kuna waliokuja na baiskeli za maana, kuna walioazima Phoenix ya mlinzi wa jirani, na kuna mmoja alikuja na baiskeli ya mdogo wake, magoti yanagonga usukani. Wengi hawakuwa na taa hata moja. Waliojiongeza waliwasha tochi ya simu, simu mkono mmoja, usukani mkono mwingine.

Staa yeye alikuwa mbele. Nyuma yake kulikuwa na gari lake la watu wa video, taa zote zimewashwa, linammulikia barabara kama uwanja wa mpira. Ndiyo maana kwenye video kunaonekana kweupe. Ule mwanga haukuwa wa barabara, ulikuwa wa gari lake. Mashabiki walikuwa nyuma ya gari, ambako kulikuwa na vumbi, taa nyekundu za breki na giza.

Jumatano hiyo ya tatu bodaboda isiyo na taa ikatokea upande wa pili. Watu wa mbele wakapiga kelele, wa katikati wakabana breki, wa nyuma wakakwepa. Dada mmoja, msusi kutoka pande za Temeke, akakwepa kushoto. Kushoto kulikuwa na mtaro usio na mfuniko. Akatoka na mkono uliovunjika kwenye kiwiko cha kiganja, na wote wanaojua kazi ya ususi wanaelewa maana yake. Msusi bila kiganja ni kama dereva bila macho. Wiki sita za plasta ni wiki sita bila mteja, na kodi ya fremu ya saluni haisubiri mfupa uunge.

Kelele zilivyogawanyika

Staa alipost picha ya maua na neno la pole. Hapo ndipo mitandao ikawaka. Kundi la kwanza lilisema ile yote ilikuwa kiki ya kusukuma wimbo mpya, kwa hiyo alaumiwe yeye. Kundi la pili, ambalo ni mashabiki damu, lilisema dada hakulazimishwa na mtu, ni mtu mzima, angebaki nyumbani kwake. Kundi la tatu lilikuja na ile hoja ya kila siku, kwamba baiskeli usiku ni vitu vya Wazungu, Bongo barabara ni za magari.

Makundi yote matatu yamekosea, na yamekosea kwa sababu hakuna aliyeuliza swali la msingi: ile njia ilichaguliwaje?

Jibu linaonekana kwenye video yenyewe. Ilichaguliwa kwa macho ya kamera. Lami nzuri, mandhari nzuri, hakuna daladala wa kuharibu picha. Hakuna mtu aliyepita pale saa 2 usiku kabla ya siku ya kwanza akauliza taa ziko wapi, mtaro uko wapi, na mtu akidondoka hapa gari la kumbeba linapitia wapi. Kama ungekuwa mkesha wa muziki, angetuma watu wakague jukwaa, jenereta na geti. Kwa nini barabara ya kupitisha watu sitini isikaguliwe?

Na ile hoja ya kwamba hakuna aliyelazimishwa, haina mashiko. Staa mwenye folowa wengi akisema twendeni hapa, maneno yake hayana uzito sawa na ya mtu yeyote wa mtaani. Ndiyo biashara yake hiyo. Makampuni yanamlipa apost soda kwa sababu yanajua akiinywa yeye, wengine watainywa. Huwezi kulipwa kwa ushawishi wako Jumatatu, halafu Jumatano ukasema huna ushawishi wowote, kila mtu alikuja kwa akili zake.

Giza la huku haliingii kama la Ulaya

Kuna kitu wengi wanaoiga video za baiskeli za nje hawakiangalii. Kule Ulaya, miezi ya joto, mtu anatoka kazini, anakula, anabadilisha nguo, na saa 3 usiku bado kuna mwanga wa kuona mbele. Yule anayeandika eti baiskeli ya jioni ndiyo raha ya dunia, anaongelea jioni ya kwao.

Dar iko karibu na ikweta. Mwezi wa 6 jua linazama mnamo saa 12 na robo jioni, na mwezi wa 2 linasogea mpaka karibu saa 1 kasoro robo. Tofauti ya mwaka mzima ni kama nusu saa tu. Na likishazama, mwanga unaobaki ni wa kama dakika ishirini hivi, halafu giza linaanguka kama pazia. Mfanyakazi wa Posta anayetoka ofisini saa 11 jioni, akapambana na foleni mpaka nyumbani, akabadilisha nguo na kujaza upepo, hana jioni yoyote ya kuendeshea. Ana usiku. Kwa hiyo Bongo ukisema baiskeli ya jioni maana yake ni baiskeli ya gizani, mwaka mzima, na anayepanga njia anatakiwa aanze na taa. Kilomita na mandhari vije baadaye.

Hata ile nusu saa kabla ya jua kuzama ina mtego wake. Anayetoka mjini kuelekea Kimara kwa Barabara ya Morogoro anaelekea magharibi, na jua linampiga usoni. Linampiga pia dereva wa nyuma yake. Kioo chenye vumbi pamoja na jua la saa 12, dereva haoni mtu mpaka amfikie. Wanaoendesha siku nyingi huipumzisha nusu saa hiyo, au hupanga ile sehemu ya kuelekea magharibi ije baada ya jua kuzama, taa zikiwa zimewaka.

Mtangazaji anayechekwa

Upande wa pili wa mji yupo mtangazaji mmoja wa kike wa redio, sauti yake inajulikana asubuhi kwenye kila daladala. Naye ana kikundi cha baiskeli cha usiku. Video zake hazitrendi. Watu wanamcheka kwenye komenti kwamba anazunguka sehemu moja kama ng'ombe wa kukamulia mafuta, mzunguko ule ule mara nne, kila wiki. Wengine wanauliza kama haogopi kizunguzungu.

Ila wanaomcheka hawajui alivyoupata ule mzunguko. Kabla ya kumwalika mtu yeyote alichukua bodaboda saa 2 usiku, akapita njia nzima polepole akihesabu nguzo. Kwenye simu akaandika ngapi zinawaka, ngapi zimekufa, na wapi taa mbili zimekufa zikifuatana. Akarudi tena saa 4 usiku kuangalia kama bado zinawaka, kwa sababu taa za sola zina tabia ya kuanza usiku zinang'aa na kuumaliza zikikonyeza. Betri ikizeeka, au paneli ikijaa vumbi, taa inayowaka saa 1 siyo lazima iwepo saa 4. Mara ya tatu akapita siku ambayo umeme ulikuwa umekatika eneo lile, kuona njia inabaki na nini.

Hapo ndipo akachora mzunguko wake. Mfupi, unajirudia, na hakuna sehemu inayovuka giza. Kile kinachochekwa ndicho kinachowalinda watu wake. Mzunguko mfupi maana yake ni kwamba ukishaupita mara ya kwanza unajua kila shimo, kila tuta na kila mfuniko wa chemba ulioibiwa. Mtu pancha ikimkuta hatembei kilomita nane gizani akikokota baiskeli. Aliyechoka anakaa kwenye kibanda cha chipsi chenye taa na watu, anawasubiri wenzake wakipita. Na umeme ukikatika, wote wako dakika kumi kutoka walipoanzia.

Mtangazaji huyo aliondoa pia sehemu moja iliyokuwa na taa nzuri kabisa. Hii inahitaji maelezo, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Taa peke yake haitoshi

Barabara yenye taa siyo lazima iwe rafiki wa baiskeli. Barabara kubwa pana, kama ile ya njia nane kati ya Kimara na Kibaha, inampa dereva raha ya kukanyaga mafuta. Akiona mbele kweupe anaongeza. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula kama mita 22 kila sekunde moja. Dereva akishtuka, akahamisha mguu kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki, tayari ameshasogea zaidi ya urefu wa basi. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwendo wa juu maeneo ya makazi kisheria, anakula kama mita 14. Tofauti hiyo kwa mwenye baiskeli ni tofauti ya kuchubuka na kuzikwa.

Kwa hiyo njia ya usiku inatakiwa iwe na vitu viwili kwa pamoja: mwanga unaoeleweka na magari ya mwendo mdogo. Ikibidi kuchagua kati ya barabara kuu inayong'aa yenye malori, na mtaa wenye taa za kawaida, maduka yako wazi, matuta kila baada ya hatua na bajaji zinatambaa, chukua mtaa. Madhara makubwa utakayopata pale ni mtu kukuuliza kama baiskeli inauzwa.

Kingine ni jinsi taa zilivyopangwa. Njia yenye taa tatu kali, halafu giza, halafu taa tatu tena, ni mbaya kuliko watu wanavyodhani. Jicho likishazoea mwanga halioni kitu ukiingia gizani ghafla, na linahitaji dakika kadhaa kuzoea. Baiskeli haikupi dakika hizo. Mashimo yanayoua yako palepale, mita chache baada ya taa ya mwisho. Bora taa hafifu zinazofuatana kuliko taa kali zinazoruka.

Miti nayo. Mitaa mizuri ya zamani ya Oysterbay na Upanga ina miti mikubwa, na mara nyingi taa iko juu ya matawi. Kutoka juu ghorofani barabara inaonekana inawaka, chini kwenye lami kuna vivuli tupu. Haya hayaonekani kwenye ramani ya simu. Ramani inakupa njia fupi, inakupa foleni, ila haikuambii nguzo ya ngapi imekufa. Hilo linajulikana kwa kupita.

Halafu kuna jambo ambalo hata wenye baiskeli za bei mbaya hawalijui: taa ya barabarani inakusaidia wewe kuona, lakini haimlazimishi dereva akuone. Nguo nyeusi chini ya taa ya barabara bado ni nguo nyeusi. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni kanuni inayofahamika karibu dunia nzima, na zile ndogo za kuchaji hazifikii bei ya viatu anavyovaa staa kwenye video. Reflekta ya bodaboda, ile ile ya kijani inayokoza, inafanya kazi vilevile kwa mwenye baiskeli. Na ukanda wa kuakisi ukifungwa kwenye vifundo vya miguu unasaidia zaidi, kwa sababu miguu inapanda na kushuka na jicho la dereva linakamata haraka kitu kinachocheza. Anajua pale kuna binadamu, siyo kibao cha barabarani.

Ushuani kuna taa, uswahilini je?

Sasa hapa wapo watakaosema, na wana haki ya kusema: rahisi sana kupanga njia zenye taa kama unakaa Masaki. Kweli. Anayekaa upande ule anaweza kuanzia Coco Beach, akafuata Toure Drive kandokando ya bahari, au akageuza upande wa mjini akavuka Daraja la Tanzanite, kilomita moja na kidogo juu ya maji, lililofunguliwa mwaka 2022, lenye taa na njia za waenda kwa miguu pembeni. Jioni pale kuna wakimbiaji, wapiga picha, wapenzi na wauza karanga. Ni jiji lingine kabisa.

Ukitoka huko ukaenda Chanika, Goba ya ndani, Mbagala ya ndani, hadithi inabadilika. Taa ya mtaa ni ile ya duka la Mangi na ya geti la mwenye nyumba mwenye roho nzuri. Mangi akifunga saa 4, mtaa umefungwa.

Na kule ndiko wanakoishi waendesha baiskeli wa kweli wa jiji hili. Siyo wale wa kaptura ya kubana. Ni mlinzi anayekwenda lindo la usiku saa 11 jioni na kurudi alfajiri. Ni muuza samaki anayetakiwa kufika Feri kabla hakujapambazuka ili apate mzigo wa bei nzuri, tenga limefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu. Ni muuza mikate, muuza mkaa, fundi anayebeba ngazi begani. Hawa wamekuwa wakiendesha gizani miaka yote bila droni, bila like na bila mtu wa kuwapa pole ya maua. Hawachagui njia, njia inawachagua.

Jiji lilipojenga mwendokasi awamu ya kwanza, ambayo ilianza kubeba abiria mwaka 2016, kando ya barabara ziliwekwa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Mwaka 2018 Dar ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, na mji ulistahili kufurahi. Ila pita leo kwenye zile njia saa 1 usiku. Utakuta bodaboda zimepaki, meza ya mitumba, jiko la mishkaki, na mwenye baiskeli anashuka kukokota. Taa ipo, njia ipo, nafasi ndiyo haipo. Na hapo usimlaumu muuza mishkaki kabla hujajiuliza alielekezwa akauzie wapi. Tena yeye na jiko lake ndio wanaofanya mtaa usiogopeshe.

Hili la kuogopesha linawahusu zaidi kina dada. Kwa mwanaume swali la usiku mara nyingi ni shimo na gari. Kwa mwanamke kuna la tatu: nani amesimama pale kwenye kivuli. Kikundi cha yule mtangazaji kina wanawake zaidi ya nusu, na hilo halikuja kwa tangazo. Lilikuja kwa sababu ya taa, watu na njia ambayo mama wa mtu anaweza kuelezwa kwenye simu, binti yuko wapi sasa hivi na atapita wapi baada ya hapo.

Kile ambacho staa angeweza kufanya

Hakuna anayemtaka yule mkali wa nyimbo za mapenzi aache baiskeli. Angeacha ingekuwa hasara. Vijana sitini walioacha kulala na simu mkononi wakatoka kwenda kutoka jasho ni jambo zuri, na yeye ndiye aliyewatoa ndani. Redio nyingi zimehubiri mazoezi miaka nenda rudi, hazijawahi kuwatoa sitini kwa wiki tatu.

Ila kuna mambo ambayo yako ndani ya uwezo wake na hayamgharimu hata nusu ya bajeti ya video moja. Ahamishie safari kwenye mzunguko wenye taa, hata kama ni mfupi, hata kama utachekwa. Atume mtu apite njia usiku kabla ya watu. Gari lake la video likae mwisho wa msafara, siyo katikati, limulike mgongo wa shabiki wa mwisho badala ya kumulika mgongo wake yeye. Asiye na taa asiondoke, na kwenye gari kuwe na boksi la taa ndogo za kuazima. Safari ianze saa 1 na nusu, giza likiwa limeshatulia na taa zote zimewaka, iishe kabla ya saa 3 watu wapate usafiri wa kurudi. Makundi yawe ya watu kumi kumi, kila kundi na kiongozi anayeijua njia.

Na la mwisho, ambalo ni kubwa kuliko yote. Ana sauti. Mwananchi wa Mbagala akiandika barua kuomba taa kwenye mtaa wake, barua inaenda kulala. Barabara kuu zina mwenyewe, za mitaa zina mwenyewe mwingine, umeme una mwenyewe wa tatu, na mwananchi anazungushwa katikati kama mpira. Staa akipita kwenye mtaa huo huo na baiskeli yake, akasimama chini ya nguzo iliyokufa na kusema hii imekufa tangu lini, nguzo ile haimalizi wiki. Wote wanajua hilo ni kweli, na wote wanajua siyo haki, lakini ndivyo mji ulivyo. Mwenye ushawishi wa kuuza soda ana ushawishi wa kuwasha taa.

Tena asiishie Masaki. Akapige Jumatano moja kule anakotoka, maana kwenye nyimbo zake za mwanzo alijisifia sana uswahilini kwao. Akahesabu nguzo na watoto wa mtaani kwake. Itakuwa video nzuri kuliko ya droni, na kwa mara ya kwanza itakuwa na faida kwa mtu ambaye hajawahi hata kumfolo.

Kuhusu yule dada msusi, wenzake wa saluni wamekuwa wakimchangia na kugawana wateja wake ili fremu isifungwe. Hilo limefanyika kimyakimya, bila picha ya maua. Staa anajua saluni ilipo. Kwenda na kodi ya miezi miwili hakuhitaji kamera, na hata akienda na kamera bado ni bora kuliko kutokwenda.

Wadau, badala ya kutukanana hapo chini nani shabiki wa nani, leteni kitu cha maana. Mtaa wako una taa zinazowaka mpaka saa ngapi? Nguzo ngapi zimekufa? Mtaro usio na mfuniko uko kabla ya duka gani? Andika eneo, kutoka wapi mpaka wapi, na saa uliyopita mwenyewe. Siyo uliyosikia. Jumatano haiko mbali, na kuna mtu sasa hivi anaazima baiskeli ya mlinzi wa jirani.